Jani Nililofunga Fundo

Kilema, 1973

Jumapili, 4 Machi

Tulipomaliza kidato cha nne, Sista Mektrida alituambia kwamba asiyeweza kusema mbele za watu ajaribu kuandika. Alisema hivyo kwa darasa zima, lakini alikuwa akinitazama mimi. Basi naanza leo, maana leo kuna jambo.

Baada ya misa padri alisoma barua kutoka Dar es Salaam. Filamu ya Mpaka Mmoja, iliyopigwa hapa kijijini Agosti iliyopita, ni moja kati ya tatu zinazoshindania tuzo ya filamu ya taifa. Tena waliocheza kama ndugu wawili wametajwa kwa tuzo ya wachezaji bora: Ambrosi, ambaye ni baba yangu, na Leonce, kaka yake, ambaye ni baba yangu mkubwa. Wote wawili wanatakiwa kufika Dar kwenye sherehe, Jumamosi tarehe 26 Mei.

Watu walipiga makofi kanisani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Baba alitazama viatu vyake. Baba Mkubwa, aliyekaa benchi la mbele, aliinuka akatoka kabla ya baraka.

Hawajasalimiana kwa miaka sita.

Jumatano, 7 Machi

Leo ni siku ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Mawingu yamefunika mlima lakini mvua bado. Mama anasema akiona watu wawili wa ukoo mmoja wamepakwa majivu na bado wananuniana, anashindwa kusali.

Jumamosi, 10 Machi

Mvua imeanza. Nimekaa jikoni na Mama amekwenda sokoni, kwa hiyo naweza kuandika nilichokifanya.

Ndugu Gidioni, mtengeneza filamu, alikuja mwaka jana na kamera na watu wanne. Alitaka hadithi ya ndugu waliogombania mpaka wa shamba kisha wakapatana. Alizunguka akitafuta wanaume wawili wanaofanana, akampata Baba kwenye ghala la kahawa na Baba Mkubwa kanisani. Hakuna aliyemwambia kwamba hawasemezani. Nadhani kila mtu alitaka kuona kitakachotokea. Nao wakakubali, kila mmoja akidhani mwenzake atakataa.

Kwa siku kumi na mbili walisemezana maneno ya kwenye karatasi tu. Kamera ikizimwa, kila mmoja anashika njia yake.

Mimi nilipewa kazi ya kutunza vifaa: jembe, kofia, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani. Ndugu Gidioni ni mtu wa Lindi, ilibidi Baba Mkubwa amweleze habari ya jani. Kwetu ukimkosea mtu, unakata jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea amekusamehe, na neno lile halifufuliwi tena mpaka kufa. Na kulikataa ni jambo zito ambalo karibu hakuna anayelithubutu.

"Kwa hiyo isale ya kweli haichezewi," Baba Mkubwa alisema. "Huyu mtoto atafute jani la mahindi. Kwenye picha nani atajua?"

Baba akaitikia kwa kichwa. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku zote zile.

Siku ya kupiga picha hiyo ya jani jua lilikuwa kali. Walirudia mara tatu, jani la mahindi likalegea kama utambi. Ndugu Gidioni akaniambia, "Dada, lete lingine upesi, mwanga unatuishia." Mahindi ya kumwagilia yako bondeni, mwendo wa nusu saa kwenda tu. Masale yako pale pale mpakani, nyuma ya mgongo wangu. Nikakata moja. Nikalifunga fundo. Nikamtia Baba mkononi, naye alikuwa akikariri maneno yake, hakulitazama. Akampa Baba Mkubwa, Baba Mkubwa akalipokea. Ndugu Gidioni akasema imetosha, fungeni vyombo.

Ilikuwa isale ya kweli. Sikumwambia mtu. Sikukusudia kuficha, nilikuwa nangoja mtu aniulize, na hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 15 Machi

Nimekutana na Dafroza, binti wa Baba Mkubwa, tukichota maji kwenye mfongo, mfereji wetu utokao mlimani. Sisi hatukatazwi kuongea, ila tukiongea tunaongea chini.

"Shikamoo, binti wa mshindi," akaniambia.

"Acha hizo."

"Sasa nikusalimie vipi? Tuzo ni moja na wao ni wawili. Wataikata kwa msumeno."

"Baba yako atakwenda?"

"Baba yangu? Anasema afadhali aende Dar kwa magoti kuliko kukaa kiti kimoja na karani."

Karani ni Baba. Miaka sita iliyopita alikuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha kahawa, na Baba Mkubwa alikuwa mwenyekiti. Asubuhi moja ya kupeleka kahawa, mbele ya foleni yote, Baba alichukua punje kwenye gunia la kaka yake, akaivunja kwa meno, akasema mbichi, irudishwe ikaanikwe. Magunia matatu. Baba Mkubwa aliyabeba moja moja kurudi nyumbani huku watu wakimtazama. Uchaguzi uliofuata hakupata kura.

"Baba anasema ilikuwa kavu, unaitikisa inalia kama njugu," Dafroza alisema.

Nilijitwisha ndoo. Nimelelewa nikijua kwamba Baba hasemi uongo.

Jumamosi, 24 Machi

Mama alinituma chumvi dukani kwa Urbanus. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele na wazee watatu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mzee Thadeus alikuwa akimchokoza.

"Leonce, sasa hili neno limekwisha. Ulipokea isale mbele ya kamera ya serikali."

"Nilipokea jani la mahindi," Baba Mkubwa akasema. "Kutoka kwa mtu wa kwenye karatasi. Ambrosi hajaniletea kitu."

"Basi serikali itakupa tuzo ya kula majani ya ng'ombe," Urbanus akasema, wakacheka wote isipokuwa Baba Mkubwa na mimi.

Nilisahau chumvi. Mama akanirudisha.

Jumamosi, 31 Machi

Mvua siku ya sita. Njia ya kwenda misheni imekatika.

Jumanne, 10 Aprili

Majibu ya mtihani yamefika. Sikuchaguliwa kidato cha tano. Nimechaguliwa chuo cha ualimu, kuanzia Julai. Baba alifurahi, akasema mwalimu hawezi kunong'ona kama mimi. Halafu akaniuliza taratibu, "Lile jani la filamu lilikuwa la mahindi, sivyo?" Mama akaingia na kuni, Baba akageuza maneno.

Kumbe mtu ameniuliza, na bado sikusema.

Ijumaa Kuu, 20 Aprili

Kwenye foleni ya kuubusu msalaba, Baba alijikuta nyuma ya Baba Mkubwa. Akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama mwisho kabisa.

Jumapili, 29 Aprili

Ndugu Gidioni amekuja na gari la sinema. Limekwama mara mbili, vijana wakalisukuma. Ilikuwa saa nane mchana, wakaziba madirisha ya ukumbi wa misheni kwa mablanketi ya bweni, wakatundika shuka ukutani. Kijiji kizima kilikuwamo na kila mtu amelowa. Baba alikaa kulia, Baba Mkubwa kushoto, na katikati watu labda mia mbili.

Watu walicheka walipojiona. Mbuzi wa Melkior alipopita kwenye picha walimshangilia kuliko mtu. Kisha ikafika ile sehemu. Sikujua kwamba kamera ilikuwa imesogea karibu kiasi kile. Mkono wa Baba ulijaa ukuta mzima, na ndani yake lile jani, refu, kijani cha kung'aa, fundo langu katikati. Nilifunga fundo baya. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtu.

Hapo tukabaki tunasikia mashine na mvua juu ya bati. Ndipo bibi mmoja mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hilo si hindi. Hiyo ni isale."

Watu walianza kugeuka, wengine kulia, wengine kushoto. Mzee Thadeus akauliza, "Ambrosi, ni isale ile?"

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliangalia ukutani. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nikainamisha kichwa nisije nikaulizwa mimi.

Baba Mkubwa alikaa mpaka mwisho. Hakutoka.

Jumatano, 2 Mei

Asubuhi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe karibu na mpaka. Baba Mkubwa alikuja upande wake, akasimama ng'ambo ya masale.

"Mwambie baba yako nitakwenda Dar."

Hayo tu. Nilikimbia nyumbani nikaacha mundu. Mama aliposikia alikaa chini sakafuni akafunika uso kwa kanga. Baba alisimama mlangoni akisema, "Lakini kwa nini? Kwa nini sasa?"

Mimi najua kwa nini. Anafikiri Baba ndiye aliyeleta isale ya kweli kwa makusudi.

Alhamisi, 3 Mei

Nimemwambia Baba. Ilinichukua kuanzia alfajiri hadi saa nne. Nilimfuata kwenye kahawa alikokuwa akipunguza matawi, nikasimama nyuma yake, nikasema na mgongo wake.

Aliacha kukata.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi isijulikane." Akakata tawi moja, akakata la pili. "Odilia, miaka sita nimetafuta njia. Mungu ametumia mkono wako. Huwezi kumsahihisha Mungu."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, ili niyatazame tena kesho.

Ijumaa, 4 Mei

Nimeyatazama. Hajasema kwamba ile kahawa ya Baba Mkubwa ilikuwa mbichi.

Jumatano, 9 Mei

Baba amempelekea Baba Mkubwa koti lake la harusi ili alijaribu, maana Baba Mkubwa hana koti la kuvaa mbele ya wageni wa taifa. Aliingia uani kwake kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Nilisikia sauti zao kutoka jikoni. Baba alirudi akipiga mluzi.

Mama anaimba. Mama Mkubwa Digna, mke wa Baba Mkubwa, ametuletea mtori, supu ya ndizi na nyama. Kijiji kizima kinatusalimia kama watu waliopona.

Mtori wangu nimeurudisha chunguni.

Jumamosi, 12 Mei

Baba Mkubwa aliniita nimshikie ngazi akirekebisha paa la banda la ng'ombe. Mimi nilikuwa namwogopa siku zote, nikidhani ni mtu wa hasira. Leo alizungumza kutoka juu huku akipigilia misumari, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Unajua nililitambua lini lile jani?"

"Ukumbini, Baba Mkubwa?"

"Nilipolishika. Hindi linakwaruza. Isale ni laini, tena ina ubaridi. Nilitaka kuliachia lianguke. Nikamtazama baba yako, mkono wake unatetemeka. Nikasema, huyu ameshindwa kuja kwangu kama mtu, amejificha nyuma ya kamera. Haya. Kila mtu ana mlango anaouweza."

"Mbona dukani ulisema ni hindi?"

"Nilitaka aje aseme mwenyewe. Miezi tisa nimengoja. Hakusema. Lakini siku ile Thadeus alipomuuliza mbele ya watu, hakukana. Nikaona, basi, hicho ndicho atakachoweza." Akaomba msumari mwingine. "Nimekuwa mtu mgumu, mama. Siku nyingine nilikuwa napita mbali nisisikie sauti yake, kwa sababu inafanana na ya marehemu babu yako."

Mkono wa Baba ulitetemeka kwa sababu aliogopa kusahau maneno ya karatasi. Nilikuwa pale. Alikuwa ameyasahau mara tatu.

Nilimpa msumari, nikashika ngazi kwa mikono miwili.

Jumapili, 13 Mei

Sikukomunika. Mama ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 16 Mei

Mvua. Ndugu Gidioni ameandika: viti vyao viko safu ya pili, majina yamechapishwa. Redio itatangaza sherehe yote kuanzia saa kumi mchana.

Jumamosi, 19 Mei

Nikikaa kimya, wanapatana. Nikisema, naweza kuwatenga tena, na safari hii kwa mkono wangu. Nimejiambia hivyo wiki nzima. Lakini kila nikimwona Baba Mkubwa akiwa na furaha, naona kama nimemwibia kitu na yeye ananishukuru.

Nilimkuta mchana akipogoa migomba. Nilianza na shikamoo, halafu nikasema yote bila kupumua: hindi lililegea, mwanga ulikuwa unakwisha, mimi ndiye niliyekata, Baba hakulitazama.

Aliendelea kupogoa. Jani moja, jingine.

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tarehe tatu mwezi huu."

Akasimamisha panga. "Kwa hiyo alipokuja kunijaribisha koti alikuwa anajua."

Aliniangalia, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule ninaoujua tangu utotoni, ila sasa naelewa kwamba ule haukuwa uso wa hasira.

"Kumbe hakuniomba," akasema. Kisha akasema, "Ahsante kwa kunieleza. Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Jumatatu, 21 Mei

Sijamwambia Baba. Baba Mkubwa naye hajasema kitu.

Jumatano, 23 Mei

Hajasema. Baba amepaka viatu rangi mara ya pili.

Alhamisi, 24 Mei

Nimejaribu. Nikafika mpaka "Baba", akasema, "Niletee maji ya kunyoa."

Ijumaa, 25 Mei

Walikuwa wamepatana kukutana stendi ya Moshi saa mbili asubuhi, kila mmoja ateremke na gari atakalopata. Baba aliondoka gizani na tiketi zote mbili. Mtu anayesoma haya ajue kwamba nilisimama mlangoni nikamshikia taa na sikusema.

Alirudi saa tisa alasiri, ametembea kutoka barabara kuu, tope mpaka magotini. Basi lilimngoja dakika kumi, likaondoka. Hakupanda.

"Hakuja," akamwambia Mama. "Nimeangalia kila gari. Hakuja." Kisha akanitazama mimi, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo.

"Nilimwambia," nikasema. "Jumamosi."

Mama akauliza ulimwambia nini. Nilingoja Baba anipige. Alikaa kwenye kigoda akaanza kufungua kamba za viatu, na fundo la kulia likamshinda. Alihangaika nalo muda mrefu.

"Umenivunjia nyumba," akasema.

Jumamosi, 26 Mei

Sikutaka kwenda dukani kwa Urbanus lakini Mama alinishika mkono. Watu walijaa mpaka barazani, redio imewekwa juu ya kaunta na betri mpya. Mtangazaji alieleza taa, mazulia, mawaziri walioingia, bendi. Wenye filamu ya wavuvi walipata tuzo ya picha nzuri. Filamu ya mjini ilipata muziki. Kisha akasema, "Wachezaji bora," na Urbanus akainua mkono watu wanyamaze.

Tuliwasikia wakisoma majina. Ambrosi na Leonce, wa Kilema, Kilimanjaro.

Duka zima lilipasuka kwa kelele. Mtu alininyanyua kutoka chini. Kelele zilipopungua tukamsikia mkuu wa waamuzi akieleza kwa sauti ya taratibu, kwamba katika filamu zote za mwaka hakuna aliyeomba msamaha kwa ukweli kama Ndugu Ambrosi, hata waamuzi wawili walitokwa machozi. Kisha mtangazaji akasema washindi hawaonekani ukumbini, viti vyao viko wazi, pengine ni mvua, na Ndugu Gidioni anapanda jukwaani kupokea kwa niaba yao.

"Wako wapi?" watu wakaulizana. "Si walikwenda?"

Nilitoka nje. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa njia, chini ya mti wa mruka, amejifunika gunia kichwani. Alikuwa amesikia yote. Watu walipomwona wakamkimbilia kumpongeza, wakamshika mikono, na yeye akawa anasema, "Hapana, hapana," wakadhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 27 Mei

Baba hakwenda misa. Tuliporudi tulimkuta amekaa kwenye kigoda, pale pale tulipomwacha.

"Jana wamesema nchi nzima hakuna aliyeomba vizuri kama mimi," akasema. Hakuwa akimwambia yeyote. Kisha akainuka, akachukua kisu cha jikoni, akatoka bila kofia. Mama alinisukuma begani nimfuate.

Alikata isale pale mpakani. Alilifunga fundo yeye mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, na safari hii hakukuwa na karatasi ya kukariri. Akapita katikati ya masale, akaenda kusimama katikati ya uwanja wa Baba Mkubwa kwenye mvua.

Mama Mkubwa Digna alichungulia, akarudi ndani. Baba Mkubwa akatoka, akasimama chini ya upenu.

"Umelikata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya. Sema."

Nilimwona Baba akifungua mdomo na kufunga. Nikaogopa atasema yale ya filamu, maana yale anayajua kwa moyo sasa.

"Niliivunja ile punje kwa meno," akasema. "Ilikuwa kavu. Nilijua ni kavu. Watu walikuwa wakisema nakupendelea, nikataka wanione mtu wa haki. Nikakutumia wewe."

"Magunia mangapi?"

"Matatu."

"Nani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni?"

"Thadeus. Na Melkior. Na mwanao Dafroza, amekushika shati."

Baba Mkubwa aliinua uso. "Hukusahau," akasema.

"Sijasahau hata siku moja. Na juzi huyu mtoto aliponiambia habari ya jani, nilimkataza asikwambie. Hilo nalo liko ndani ya fundo hili."

Mvua ilimpiga Baba usoni, hakujifuta. Baba Mkubwa alisimama pale upenuni kiasi cha mtu kusali Baba Yetu mara mbili. Kisha akanyoosha mkono nje, mkono wa shati ukalowa mpaka kiwiko, akalichukua jani. Alilipitisha katikati ya vidole, polepole, tangu shina hadi ncha.

"Ingia ndani, Ambrosi," akasema. "Umelowa." Kisha akanigeukia. "Na wewe ingia. Dafroza anasema una daftari unaandika mambo yetu. Tutakayosema sasa usiyaandike."

Nimemwahidi. Walizungumza mpaka mvua ikakatika. Baba alilia mara moja, na baadaye kidogo walicheka wote wawili kwa sauti ile ile moja, mpaka Mama akaja kusimama mpakani kusikiliza. Maneno yenyewe ninayo, na siandiki.